Kiwavi wa mti kwenye ndoana: kwa nini huku anashika samaki na kule hashiki

Waulize wavuvi wa ndoana wa Jinja, Uganda, kuhusu kiwavi wa mti, utapata majibu mawili yasiyopatana. Mmoja atakuapia kwamba hakuna chambo kinachomshinda, hasa kwa kambale. Mwingine atacheka na kusema alikaa juu ya jiwe na kopo zima la viwavi tangu asubuhi, samaki hawakudonoa hata mara moja. Wote wawili wanasema kweli. Ugomvi wao unatokana na kuchanganya mambo matatu: samaki aliyepo majini, kiwavi aliyeko mkononi, na mti uliopo, au usiokuwepo, baina ya hao wawili.

Mti ndio unaosahaulika, kwa hiyo tuanze nao.

Mti juu ya maji

Samaki huzoea kula kile kinachomfikia. Pale mti kama mtuba au msizi unapoinamia mto, upepo na mvua huangusha wadudu majini kila siku: viwavi, sisimizi, panzi, mende wadogo. Kwenye vijito vyembamba vyenye kivuli, chakula hiki cha kutoka nchi kavu huwa sehemu kubwa ya mlo wa samaki, kwa sababu kivuli chenyewe huzuia mwani kuota na maji yanabaki na chakula chake kidogo. Samaki wa mahali kama hapo hukaa chini ya tawi. Kikianguka kitu, anakiwahi kabla mwenzake hajafika. Hapo ndipo kiwavi ana nguvu kuliko chambo kingi kingine, kwa sababu anaangukia mdomo uliokwisha kumzoea.

Katikati ya Ziwa Victoria hakuna tawi. Samaki wa huko wamekua wakila mukene (dagaa), uduvi wadogo, mabuu ya vijidudu vya ziwani na samaki wenzao. Kiwavi anayeshushwa huko ni mgeni. Anaweza kuliwa, maana mwenye njaa hachagui sana, lakini hana ubora wowote kuliko mnyoo wa ardhini unaochimbwa bure nyuma ya jiko.

Kwa watu wa Jinja jambo hili lina utata zaidi, kwa sababu mto wenyewe umebadilika chini ya miguu yetu. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa ni Nalubaale, lilizinduliwa mwaka 1954. Bujagali likafuata mwaka 2012, Isimba mwaka 2019. Kila bwawa liligeuza kipande cha maji ya kasi kuwa maji ya kina yaliyotulia, na likausogeza ukingo hadi kwenye kilichokuwa mteremko wa kilima. Kijana anayefuata alama za kuvulia alizoachiwa na baba yake kule Bujagali anatupa mshipi juu ya maporomoko yaliyozama. Miti iliyokuwa ikiinamia maji haipo tena, na ukingo mpya pengine una mahindi au miwa.

Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 100 kando ya Nile na mita 200 kando ya Ziwa Victoria. Tembea kwenye kingo hizo siku moja, ujionee mwenyewe zinavyoheshimiwa. Na pale palipopandwa miti, mara nyingi ni mikaratusi. Mkaratusi umetoka Australia, na wadudu wa hapa wanaoweza kula majani yake ni wachache. Kwa mvuvi wa kiwavi, ukingo wa mikaratusi unatoa kivuli tu.

Majira nayo yana neno lao. Kusini mwa Uganda mvua hunyesha Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba au Desemba. Mvua huleta majani machanga, majani machanga huleta viwavi, na mvua hiyohiyo hufurika vinamasi ambamo kambale huingia kutaga. Kwa hiyo kuna majuma ambayo chambo kingi na samaki wengi hukutana ukingoni bila mtu yeyote kupanga. Anayesema kiwavi ni dawa huenda alivua wakati huo. Aliyeambulia patupu huenda alikwenda Februari.

Kilichomo ndani ya ngozi

Kwa nini kiwavi, na si panzi au sisimizi? Kiwavi mkubwa ni mfuko wa mafuta na protini wenye ngozi laini. Kazi yake yote katika maisha ni kula, ili apate akiba ya kumgeuza nondo au kipepeo, na akiba hiyo huwa kubwa kabisa siku chache kabla hajaacha kula. Hana mbawa ngumu wala miguu yenye miiba. Akishikwa mdomoni hubonyea, na samaki hana sababu ya haraka ya kumtema.

Muhimu zaidi ni maji ya mwili wake. Damu ya wadudu ina asidi amino nyingi ambazo ziko huru, hazijafungwa ndani ya protini, na hizo ni miongoni mwa kemikali ambazo pua na ulimi wa samaki huzitambua upesi. Ndoana ikimtoboa kiwavi, maji yake ya kijani au manjano huanza kuvuja na kuelea na mkondo. Kambale aliye mita kadhaa chini ya mkondo, kwenye maji ya matope ambamo jicho halifai kitu, hupata habari hiyo kwa masharubu yake manane na kuifuata hadi ilikotoka.

Hapo utaelewa pia kwa nini kiwavi hupoteza nguvu haraka. Akishavuja na kubaki ngozi iliyopauka, anachofanya ni kuning'inia tu. Wapo wanaomwacha majini saa nzima halafu wanalaumu mto.

Wamarekani na mti wao

Mfano kamili zaidi wa chambo hiki unatoka kusini mashariki mwa Marekani. Huko kuna mti uitwao katalpa, wenye majani mapana yenye umbo la moyo, na kuna nondo ambaye watoto wake hula majani ya katalpa na si ya mti mwingine. Jike hutaga mayai mamia kwa pamoja chini ya jani. Viwavi hutoka kwa kundi, hukua hadi kufikia sentimita 7 hivi, wenye rangi nyeusi na manjano na kipembe kidogo mkiani, na wanaweza kuumaliza mti ukabaki matawi matupu. Mti huchipua tena.

Mkulima wa mahali pengine angeleta dawa ya kupulizia. Wavuvi wa huko wanapanda mti huo makusudi karibu na nyumba zao ili wawapate hao viwavi. Ngozi yao ni ngumu kiasi cha kukaa vizuri kwenye ndoana, na kambale wa Marekani huwapenda mno. Wengine humkata kichwa kisha kwa kijiti cha kiberiti wakamgeuza ndani nje, ili utamu wote uwe upande wa samaki. Wakipata wengi kupita mahitaji, huwachanganya na unga wa mahindi na kuwagandisha kwenye friji hadi msimu mwingine.

Kisa hiki kina funzo moja linalopindua imani ya wengi. Kiwavi wa katalpa hukusanya mwilini kemikali chungu za mti wake, na bado samaki humla bila kusita. Kwa hiyo ile kanuni ya kwamba kiwavi mwenye rangi kali asiguswe maana hata samaki atamkataa, haisimami peke yake. Rangi kali ni onyo kwa ndege zaidi ya kuwa onyo kwa kambale wa usiku, asiyetumia macho kutafuta chakula.

Sasa huja swali ambalo kila mtu huuliza: tuagize mbegu za katalpa tupande Jinja? Mti unaweza kuota. Nondo wake hayupo Afrika Mashariki, na bila nondo huyo utakuwa umepanda pambo. Kumleta nondo wa kigeni ni jambo lisilofaa hata kufikiriwa. Nchi hii bado inahangaika na viwavijeshi wa Amerika walioingia kwenye mahindi yetu mwaka 2016, na hao hawakualikwa na mtu.

Wa kwetu ni nani?

Katalpa ana ndugu hapa nyumbani. Nsambya, mti wa maua ya manjano unaopandwa kwa mbao na nguzo kuzunguka ziwa lote, ni wa familia moja naye. Kifabakazi wenye maua mekundu pia. Na nondo wa ukoo wa kiwavi wa katalpa tunao tele, wale wenye mbawa nyembamba wanaoruka kasi jioni kwenye maua. Kwa haraka mtu angedhani mambo yamekwisha: mti upo, ukoo wa nondo upo.

Hayajaisha. Nondo mkubwa wa hapa mwenye alama inayofanana na fuvu la kichwa mgongoni ni wa ukoo huo, na watoto wake hula mimea mingi, ikiwemo viazi mviringo na baadhi ya miti ya familia ya nsambya. Lakini jike lake hutaga yai mojamoja, akitawanya. Utampata kiwavi mmoja leo, mwingine kesho kutwa kwenye mti mwingine. Ndivyo ilivyo pia kwa binamu yake anayekula majani ya viazi vitamu. Huyo ni kiwavi mnono kweli, mwenye kipembe mkiani, mrefu kupita kidole, na kila mama aliyewahi kupalilia viazi vitamu anamjua. Chambo kizuri, hakuna ubishi, lakini huwezi kujaza kopo.

Hapa ndipo lilipo fundo ambalo wengi hawalioni. Ili kiwavi awe chambo cha kutegemea, haitoshi awe mnono. Lazima atagwe kwa wingi mahali pamoja. Kwa kigezo hicho, nondo wakubwa wa porini wenye mabaka ya macho kwenye mbawa wana nafasi nzuri zaidi. Hutaga mayai kwa mafungu, na viwavi wao hukaa pamoja wakiwa wadogo. Ndio ukoo wa viwavi wanaoliwa na watu Kongo na Zambia. Wakikomaa wanaweza kufikia sentimita 10, kiasi kwamba mmoja hukatwa vipande viwili au vitatu. Ubaya wao ni kwamba hutokea kwa msimu, kwenye miti ya porini, na huenda mwaka huu ukawakuta mahali na mwaka ujao usiwakute. Na ikiwa pori lenyewe ni hifadhi ya serikali, kama Mabira, usiingie kuchuma kitu bila kwanza kuzungumza na watu wa NFA, mamlaka ya taifa ya misitu.

Viwavi wa kijani wa michungwa na milimau, ambao ukiwabonyeza hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali, ni wachache kwa kila mti na hawaendi mbali. Wafaa watoto wanaovua nkejje, wale samaki wadogo.

Kwa maoni yangu, anayetaka kiwavi wa kudumu afikirie hariri. Kiwavi wa hariri hula majani ya mforsadi, mti unaoota vizuri Uganda. Ni mweupe, laini, hana manyoya wala sumu, hukua kwa muda wa karibu mwezi mmoja, na hatoroki, kwa sababu maelfu ya miaka ya kufugwa yamemfanya ashindwe hata kuruka akiwa nondo. Japani wavuvi hutumia pupa wa hariri kama chambo, na ni bidhaa inayouzwa madukani. Kwa ndoana mbili tatu za Jumamosi hii itakuwa kazi kubwa mno. Kwa mtu mwenye bwawa la kambale anayewatoza watu ada ya kuvua, ni hesabu nyingine.

Usiniulize kuhusu nsenene, panzi ambao Waganda huwala kwa hamu. Wanafaa, ndiyo, na kumbikumbi pia. Lakini mtu atakayemtunga nsenene kwenye ndoana mwezi wa Novemba mbele ya Waganda ajiandae kujieleza.

Wasiofaa kuguswa

Viwavi wenye manyoya waache mtini. Manyoya yao huvunjika ndani ya ngozi na kuwasha kwa siku kadhaa, na mvuvi ana tabia ya kujifuta jasho la usoni kwa mkono uleule. Yakiingia jichoni ni safari ya hospitali. Wabaya zaidi ni wale wanaotembea kwa mstari na kulala pamoja ndani ya mfuko mkubwa wa hariri ya kahawia kwenye mti uitwao katazamiti. Mfuko wenyewe, hata ukiwa mtupu, umejaa manyoya. Wapo pia viwavi wafupi wanene wanaoonekana kama konokono asiye na nyumba, wenye vijiti vya miiba pembeni. Hao huuma kama moto.

Aina ya pili ya kuepuka ni kiwavi aliyepuliziwa dawa. Kahawa, michungwa, mahindi na nyanya hupuliziwa, na viwavi wanaodondoka baada ya hapo huokotwa kirahisi kwa sababu wamelegea. Urahisi huo ndio dalili. Sumu iliyomo itaingia kwa samaki unayempelekea watoto nyumbani.

Na ukiona kiwavi mwenye vitu vyeupe mgongoni vinavyofanana na punje za mchele, hayo si mayai yake. Ni vifukofuko vya nyigu wadogo waliokwisha kumla kutoka ndani. Kama chambo hana kitu tena, na nyigu watakaotoka humo wataendelea kupunguza viwavi kwenye bustani yako. Mwache.

Kumtunza na kumtunga

Viwavi hai hukaa vizuri kwenye kopo au boksi lenye matundu, pamoja na majani ya mti uleule waliotokea. Ukiwapa majani ya mti mwingine wengi watakaa na njaa hadi wafe. Mfuko wa plastiki uliofungwa huwaua kwa mvuke wao wenyewe kabla hujafika mtoni. Kama umeokota viwavijeshi kwenye mahindi yasiyopuliziwa, usiwaweke wengi pamoja: wanakulana, na jioni utakuta wachache walionenepa.

Kuwahifadhi kwa muda mrefu kunahitaji friji na unga wa mahindi (posho), kama wanavyofanya Marekani. Tatizo ni rangi. Kiwavi akijeruhiwa, maji yake huwa meusi yakikutana na hewa, kama ndizi iliyomenywa ikaachwa, na kwa sababu inayokaribiana na hiyo. Kumwagia maji ya moto sana kwa sekunde chache kabla ya kugandisha huzuia weusi huo. Utapoteza uhai wake, lakini kambale hatajali kwa sababu anafuata harufu. Kwa samaki anayetumia macho hasara ni kubwa zaidi.

Ndoana iwe ya waya mwembamba, maana nene humpasua. Kwenye maji yaliyotulia, mtoboe mara moja tu nyuma ya kichwa, chini ya ngozi, aendelee kujinyonganyonga, na usiweke chubwi au weka ndogo kabisa ili azame polepole kama aliyeanguka mwenyewe. Kwenye mkondo, mtunge kwa urefu kuanzia mkiani, vinginevyo maji yatamvua kabla samaki hajamfikia. Umtupe juu kidogo ya tawi, mkondo umlete chini yake. Mvuvi anayemtupa kiwavi katikati ya mto kwa mkono wa nguvu amefuta faida yote ya kuwa na kiwavi.

Samaki mmoja mmoja

Kambale ndiye wa kwanza na sihitaji kurudia sababu. Jioni hadi usiku, kwenye mwingilio wa kinamasi, mvua zikiwa zimeanza.

Kisinja, samaki wa maji ya kasi kwenye Nile ya juu, ni wa pili, na kwangu mimi ndiye wa raha zaidi. Hula karibu kila kitu: wadudu, konokono, mimea, matunda yaliyoanguka. Kwa huyo, mtuba wenye viwavi na matunda juu ya maji ya kasi ni mahali pa kwenda kabla ya pengine popote. Mabwawa yamempunguzia maji ya namna hiyo.

Ngege, yaani sato, huwachanganya watu. Kwenye Ziwa George, katika miaka ya 1970, ilionyeshwa kwamba tumbo lake lina asidi kali kiasi cha kumeng'enya mwani wa kijani-buluu ambao samaki wengi hawawezi kuufaidi. Samaki anayeishi kwa kuchuja mwani ana haja gani na kiwavi? Lakini tangu Ziwa Victoria libadilike, matumbo ya ngege wa humo yamekutwa pia na wadudu na konokono. Kwa hiyo hujibu kiwavi mahali pengine, kipande kidogo, ndoana ndogo, karibu na majani. Pale maji yalipo kijani kizito, usitegemee. Na ukimpata, mpime: chini ya sentimita 28 anarudi majini.

Kamongo hula konokono hasa. Atakula kiwavi akimkuta, na kisha itabidi ushughulike na meno yake wakati wa kutoa ndoana, jambo ambalo simshauri mtu kulifanya kwa mkono mtupu.

Semutundu, jamaa wa kambale, akiwa mdogo hula wadudu. Mkubwa hula samaki, na mpaka huohuo ndio unaomhusu sangara, tunayemwita mputa. Akiwa mdogo hula uduvi na mabuu ya kereng'ende. Akikua ni samaki kwa samaki, na ndiyo maana wavuvi wa mishipi mirefu ya ziwani hununua vifaranga hai vya kambale kutoka kwenye mabwawa ya wafugaji. Hata kule chini ya maporomoko ya Murchison, ambako wageni huja kumvua mputa mkubwa kwa kibali cha mamlaka ya wanyamapori, chambo ni samaki hai au samaki wa bandia. Mtu anayekwenda kumtafuta mputa wa kilo 40 aache kopo la viwavi nyumbani, abebe vifaranga vya kambale, kibali mfukoni, na jicho lake liwe kwa viboko na mamba wa ukingoni.